Uzi kwenye hereni

Mwezi wa sita mwaka 2013 Dar nzima ilikuwa inafagiliwa. Obama anakuja, anatua tarehe mosi Julai, na si unajua nyumbani mgeni akitarajiwa hata kapeti la sebuleni linatolewa nje likapigwe fimbo, basi jiji ndo lilikuwa hivyo, na sisi kwenye karakana ya tisheti Ilala tulikuwa hatulali. Nilikuwa kijana wa kazi pale, naosha skrini, zile fremu za wavu tunazochapia, na kuanika tisheti, uani kwa mtu chini ya mwembe, mafundi wawili na mimi.

Fundi mkubwa akaenda intaneti kafe akarudi na karatasi moja. Uso wa Obama, upande mwekundu upande wa bluu, anatazama juu kidogo kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali, chini limeandikwa HOPE. Akasema hii ndo yenyewe, toa hilo neno weka KARIBU. Nikatoa. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi, maana ilikuwa imetoka intaneti, na kwetu sisi intaneti ilikuwa kama bahari, ukivua samaki humuulizi ni wa nani.

Kwa ambaye hajawahi kuona kazi hii inavyofanyika, iko hivi. Picha unaiprinti kwa weusi kwenye karatasi ya kawaida halafu unaipaka mafuta ya kula mpaka inakuwa kama ile gazeti iliyofungiwa maandazi, mwanga unapita. Wavu umeukaza kwenye fremu ya mbao na kuupaka dawa gizani. Unalaza karatasi juu ya wavu, kioo juu yake, unatoa juani. Jua linapopiga dawa inakuwa ngumu, lakini pale penye weusi jua halifiki, dawa inabaki laini, ukimwagia maji inatoka, unabaki na uso wa mtu umetobolewa kwenye kitambaa. Sasa wino juu, unausukuma na mpira, mara moja, unanyanyua fremu, mtu huyo hapo. Unalaza tisheti nyingine. Huyo tena.

Mimi niliipenda hii kazi kwa ajili ya hiyo sekunde ya kunyanyua fremu, mpaka leo bado inanishika.

Tuliuza vizuri sana siku zile. Na nyumbani mama alikuwa na kanga yake ya 2008, ya kusherehekea ushindi, katikati uso wa Obama na maandishi HONGERA BARACK OBAMA, na jina la kanga UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Kanga inauzwa doti, kwa hiyo uso ule ule unakuja mara mbili, mama akaikata kipande kimoja akampa shangazi. Naileta hii kwa sababu watu wakiongelea sanaa ya popu, hii ya kuchukua uso wa mtu maarufu na kuurudiarudia kwenye vitu vya kununua, wanaongea kana kwamba ni kitu cha New York peke yake, na mimi nimekua nikiona sura za marais zimekaa viunoni mwa akina mama, zinafuliwa, zinapauka, zinabebea watoto, na hakuna aliyeona ni jambo la ajabu.

Miaka kadhaa baadaye ndo nikaanza kusoma. Nilikuwa nimeshajitegemea, nina fremu zangu na meza yangu, na nilitaka kujua hiyo picha ya Obama ilianzia wapi. Aliyeitengeneza anaitwa Shepard Fairey, mtu wa mtaani kabisa, alianza mwaka 1989 akiwa mwanafunzi kwa kubandika stika zenye uso wa mcheza mieleka André the Giant kwenye nguzo na kuta. Mwanzoni mwa 2008 akatengeneza bango la Obama, la kwanza likiwa na neno PROGRESS, baadaye likawa HOPE, likasambaa nchi nzima, na Januari 2009 likaingia National Portrait Gallery kule Washington. Kutoka ukutani mpaka makumbusho ya taifa ndani ya mwaka mmoja!

Lakini uso ule Fairey hakuuchora akiwa amemkalisha Obama mbele yake. Ulitoka kwenye picha. Aprili 2006, National Press Club, Washington, kulikuwa na kikao kuhusu Darfur, Obama wakati huo ni seneta, amekaa jirani na mwigizaji George Clooney, na pale mbele kuna mpiga picha anaitwa Mannie Garcia, anafanyia kazi shirika la habari la Associated Press. Anabonyeza. Ndo hiyo picha. Garcia mwenyewe aliliona bango lile kama sisi sote tulivyoliona, miezi inapita, bila kujua kwamba jicho lililomwona Obama kwa pembe ile lilikuwa lake. Mpaka 2009 watu wengine walipokaa wakalinganisha picha ndipo akajua.

Hapo nilisimama kidogo. Maana mimi nilikuwa nimeusukuma uso ule kwenye wavu mamia ya mara kwa mikono yangu hii na sikuwahi hata kuwaza kwamba kuna mtu alikuwa pale.

Kesi ikaja, Fairey na Associated Press, juu ya picha ile. Fairey alianza kwa kusema alitumia picha nyingine, ile aliyomo Clooney, baadaye akakiri kwamba sio, alitumia hii ya karibu na alikuwa amefuta na kughushi ushahidi. Yeye na Associated Press wakamalizana Januari 2011, lakini kwa ule uongo wa mahakamani akahukumiwa 2012, miaka miwili ya kuwa chini ya uangalizi, saa 300 za kazi za jamii na faini ya dola 25,000. Mimi kinachoniuma pale sio kwamba alichukua. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa na kitu kizuri mno mikononi, kazi halisi, zile rangi, ule uamuzi wa kukata uso vipande vinne vitano, na bado akaona aibu kusema hadharani, nilianzia hapa, kwa mtu fulani. Sioni aibu yoyote pale. Hata mwashi anaanzia kwenye tofali alilofyatua mwingine.

Sasa Andy Warhol, yule msanii wa Marekani wa sanaa ya popu. Huyu lazima nimkalie kidogo kwa sababu ndo babu wa meza zetu zote. Mwigizaji Marilyn Monroe alifariki Agosti 1962, na ndani ya mwaka huo huo Warhol akawa ameshatengeneza ile kazi ya nyuso 50, ishirini na tano kushoto zenye rangi, manjano na waridi na bluu kwenye kope, ishirini na tano kulia nyeusi na nyeupe. Ipo makumbusho ya Tate, London. Nimeiona kwenye simu tu, nikaikuza mpaka ikavunjika, na nakwambia upande wa kulia pale fundi yeyote wa skrini anaelewa kila kitu bila kusoma maelezo. Kuna safu ambapo wino umezidi, matundu yamefurika, uso umezama kwenye weusi. Halafu kadiri unavyokwenda kulia wino unapungua, wavu unaziba, uso unafifia mpaka unabaki kama alama ya maji ukutani.

Kwetu hizo ni mbovu. Fundi angezitupa pembeni na kuniuliza unafanya nini wewe, wino ghali. Warhol akaziacha. Akaelewa kwamba ukirudia uso wa mtu aliyekufa, na mkono ukaacha uchovu uonekane, basi unaona kabisa mtu anavyoisha kwa kutazamwa. Siku nilipoelewa hilo nilienda kwenye boksi la mabaki nikaanza kuangalia zile mbovu zangu upya, moja moja, na kusema kweli kuna ambazo zilikuwa nzuri kuliko nilizouza.

Kuna kitu kingine kuhusu Warhol ambacho kinasaidia kuelewa. Alikulia Pittsburgh, familia ya wahamiaji, kila Jumapili na mama yake kwenye kanisa la Wakatoliki wa Mashariki, wale ambao mbele ya madhabahu wana ukuta wa picha takatifu, nyuso za watakatifu juu ya dhahabu. Ikoni. Hilo neno sasa hivi tunalitupa kwa kila msanii mwenye wafuasi milioni, lakini lilianzia pale, uso ulionyooka, dhahabu nyuma, unasimama mbele yake unaomba. Ndani ya 1962 hiyo hiyo Warhol aliuweka uso mdogo wa Marilyn katikati ya turubai lote la dhahabu. Kwa hiyo wanaosema alikuwa anacheza tu na watu maarufu, mimi siwakubalii. Yule alikuwa anajua mtu anafanya nini anapoutazama uso.

Ila na Marilyn yule ana mpiga picha wake. Ni picha ya kutangazia filamu ya Niagara ya 1953, anatajwa Gene Korman. Mei 2022 Marilyn mmoja wa Warhol, mwenye bluu ya kijani nyuma, aliuzwa kwenye mnada wa Christie's New York kwa dola milioni 195. Waulize watu kumi nani alichora, tisa wanajua. Nani alikuwa nyuma ya kamera siku ile, taa zikiwaka, akimwambia geuza kidogo, hapo hapo?

Na imeendelea hivyo hivyo. Banksy, msanii wa kuta za mtaani, mwaka 2005 akachukua uso wa mwanamitindo Kate Moss akauvalisha nywele na rangi za Marilyn wa Warhol, uso juu ya uso juu ya uso. Thierry Guetta, anayejiita Mr. Brainwash, aliyejaza kuta za Los Angeles mabango ya watu maarufu, akachukua picha ya kundi la rap la Run-DMC aliyoipiga Glen E. Friedman mwaka 1985, na mwaka 2011 jaji akasema Friedman ana haki. Che Guevara, mwanamapinduzi yule wa nyuma ya bajaji, wa kofia na nyota, alipigwa picha na Alberto Korda tarehe 5 Machi 1960, Havana, kwenye kumbukumbu ya waliokufa kwa mlipuko wa meli ya La Coubre. Hapa nina neno. Che mwenyewe alipita Dar, 1965, akielekea Kongo kwa kuvuka Ziwa Tanganyika, akarudi tena Dar amechoka na amejificha, na hakuna aliyemtambua. Leo anatambulika kila kijiwe cha bodaboda, na uso tunaoujua ni ule mmoja, wa sekunde moja ya Korda. Yule aliyepita hapa hakuwa na sura ile. Sura ile tulipewa na mtu mwingine.

Basi ngoja nifike nilipokuwa naenda.

Miaka michache iliyopita alifariki mwimbaji mmoja wa taarabu, bibi mkubwa, jina lake silitaji kwa sababu nimewaahidi wanawe. Nilimpenda tangu utoto, mama alikuwa anapika na kaseti yake. Nikatafuta picha yake mtandaoni nikapata moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya ujanani, amegeuza shingo, hereni kubwa, anakaribia kucheka. Nikakaa nayo kwenye kompyuta siku mbili nzima. Nikaongeza ukali, nikatoa kijivu chote, nikasafisha mikwaruzo na vumbi, maana ilikuwa imeskaniwa vibaya. Nikamweka mara nne, rangi nne, midomo imetoka kidogo nje ya mstari kwa makusudi kama nilivyojifunza kwa wale wakubwa. Nikaprinti tisheti na karatasi za kutundika ukutani. Zikatoka kama maji. Watu walikuwa wanalia inbox, nasema kweli, mtu ananiandikia mama yangu akiiona hii atafurahi, niletee mbili.

Siku moja mchana akaja mzee uani. Kanzu nyeupe, miwani imefungwa gundi pembeni, bahasha ya kaki mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndo unayeuza picha za Bibi?"

Nikamwambia ndiyo mzee, karibu, nikampa kiti. Nikajua ni mteja. Akaomba kuiona, nikamtandazia karatasi moja mezani. Akaivuta karibu, akavua miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa, akaangalia uso wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kimya. Halafu akanyanyua kichwa akaniuliza swali ambalo sikulielewa kabisa.

"Uzi uko wapi?"

"Uzi gani mzee?"

Akafungua bahasha. Ndani kuna picha, ile ile, ukubwa wa kiganja, safi kuliko nilivyowahi kuiona, na chini yake kipande cha filamu kwenye karatasi laini. Akaniwekea kidole pale chini ya sikio la kushoto. Kutoka tundu la sikio mpaka kwenye hereni kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele.

Akanieleza taratibu tu, bila hasira. Alikuwa na studio yake zamani, yeye na mkewe, mkewe akishona pale pale mbele. Bibi alikuja kupigwa picha ya gazeti, na wakati anakaa kwenye kiti kindoano cha hereni kikakatika. Akasema hapigwi picha na sikio tupu. Basi mke wa mzee akakata uzi mweusi kwenye cherehani, mzee mwenyewe akamfungia hereni sikioni, mikono inamtetemeka maana ni Bibi yule, na Bibi akawa anazuia kicheko. Ndo hicho kinachoonekana mdomoni. Hicho kicheko cha kukaribia, ambacho mimi nilikipenda mpaka nikakiprinti mara nne, kilikuwa kinatoka kwenye uzi. Na mimi uzi nilishaufuta. Niliukuza kwenye kompyuta nikadhani ni mkwaruzo.

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Nilimwomba radhi mzee, nikamwambia sikujua, nikaanza kuongea habari za pesa, tuhesabu nimeuza ngapi, nikupe chako. Najua pia kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na picha imo humo, nikamwambia una haki hata ya kunipeleka mbele. Akanyanyua mkono.

"Pesa tutaongea. Kwanza rudisha uzi."

Tuliongea pesa vilevile, siku nyingine, kwa chai. Kila tisheti elfu mbili, kila karatasi elfu tatu, za nyuma na zijazo, na jina lake chini. Kwenye jina ndo alikuwa mkali. Alisema mkewe ameshafariki na studio imekuwa duka la simu, na kwamba amewahi kuiona picha ile kwenye kaseti, kwenye kalenda, kwenye televisheni siku ya msiba, mara zote bila jina lake.

Mei 2023 ikatoka hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani kati ya taasisi ya Warhol na mpiga picha Lynn Goldsmith, nikaenda nayo kwa mzee nikamsomea kwa Kiswahili changu. Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair likamlipa dola 400 ili msanii aitumie picha ile mara moja, msanii akawa Warhol, na Warhol hakufanya moja, akafanya kazi 16. Prince alipofariki 2016, wenye jarida wakailipa taasisi ya Warhol dola 10,000 kwa kuweka Prince mmoja wa Warhol, wa rangi ya chungwa, kwenye jalada, Goldsmith hakupata senti wala jina. Majaji saba kwa wawili wakasema kwa matumizi yale haki ni ya Goldsmith. Wale wawili waliopinga walikuwa na hofu kwamba sanaa itabanwa, na mimi ninayekula kwa kazi hii hofu yao naielewa, kwa sababu ukinizuia kugusa picha ya mtu yeyote nitafunga fremu zangu. Lakini Goldsmith hakuwa anamzuia mtu kugusa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo mama yupo hai?" Nikamwambia yupo. Akasema alhamdulillahi.

Kurudisha uzi kulinisumbua kuliko nilivyodhani. Wavu wangu wa siku zote wa tisheti una nyuzi 43 kwa sentimita, mstari mwembamba vile haukai, ukimwagia maji dawa ya pembeni inaondoka nao au tundu halifunguki kabisa. Nikaharibu skrini tatu. Nikaenda kutafuta wavu wa nyuzi 77, ghali, nikapunguza dakika za juani, nikaosha kwa chupa ya kupulizia badala ya bomba, pole pole, na wino nikaufanya mwepesi kidogo. Nikamwita mzee aje aone tisheti kumi za kwanza.

Saba uzi ulionekana. Tatu haukutoka, wino haukupita. Nikazitoa pembeni nikamwambia hizi mzee hatuuzi. Akazivuta kwake. Akaniomba maka peni nyembamba, akavaa miwani yake, akakunjua tisheti ya kwanza mezani akaikaza kwa kiganja cha kushoto, akachora uzi kwa mkono, halafu ya pili, halafu ya tatu, bila hata kuangalia ile picha ya kwenye bahasha.